Jina Lililokataa Kuchongwa

Sikuwa nimelala, sikuwa nimelewa, na ilikuwa saa tisa mchana, jua likiwaka. Nasema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huanzia hapo. Wewe sikiliza kwanza, kisha ucheke ukitaka.

Mimi huchonga mbao hapa Ziwani, kazi niliyoachiwa na baba. Chuo kimoja cha karibu hufanya ibada kila mwaka ya kuwakumbuka watu waliouzwa utumwani, wale waliofungwa minyororo huko kwetu Ukambani wakapelekwa pwani. Orodha ya majina yao ilinakiliwa kutoka daftari la zamani la wanunuzi wao. Mwalimu husoma moja moja, na watu wote huitikia, "Yuko!" kama darasani. Miaka minne iliyopita Mwalimu Wambui, anayesimamia ibada hiyo, aliniagiza niyachonge yote kwenye ubao mmoja mkubwa. Angeipenda kazi, chuo kizima kingenijua.

Majina mengine yalikubali. Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa "Jumatano". Nililichonga, nikapiga msasa, nikaenda kula. Niliporudi, mahali pale palikuwa laini, hapana hata mkwaruzo. Nikasema ni uchovu. Nikachonga tena, kwa kina zaidi, nikageuka kuchukua rangi ya viatu ya kung'arishia. Kugeuka tena, hakuna kitu. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Mimi nilishika patasi mara ya tatu.

"Mkono wako mzuri," sauti ikasema kwa Kikamba. "Kazi yako mbaya."

Msichana wa rika langu alikuwa ameketi kwenye gogo mbele yangu, amejifunga kitambaa kimoja tu. Sikumwona akiingia. Niamini, msichana akiingia hapa mimi humwona kwanza, kwa sababu nina haya na huanza kutafuta pa kujificha. Upepo ukapeperusha vumbi la msasa. Likatua kwenye nywele zangu, likatua kwenye benchi, likatua kwenye gogo alilokalia. Yeye halikumgusa.

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikaishika patasi kwa mikono miwili.

"Huyo Jumatano ni nani?" akaniuliza.

"Sijui, dada. Ndivyo orodha inavyosema."

"Ni siku niliyonunuliwa. Aliyeninunua hakujisumbua kuniuliza jina. Wewe je, uliuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Nikamuuliza jina lake.

"Syombua," akasema. "Mama alinizaa mvua ikinyesha. Kila mwaka mnaita Jumatano, mnajiitikia wenyewe. Nitarudi kwa mama na jina hilo? Atanijuaje?"

Nikapepesa macho. Gogo likawa tupu.

Jioni hiyo nilikwenda chuoni.

"Sasa fundi wangu, umefika wapi?" akasema Mwalimu Wambui.

"Kuna jina halikubali, Mwalimu. Mwenyewe amelikataa."

"Mwenyewe nani? Hao watu walikufa kitambo! Kijana, usiniletee hadithi. Andika kama orodha inavyosema, ama nitafute fundi mwingine."

Nikasema, "Sawa, Mwalimu." Nikarudi nyumbani, nikachonga SYOMBUA. Halikufutika. Siku ya ibada niliupeleka ubao ukiwa umefunikwa shuka, nikaketi nyuma kabisa.

Majina yakasomwa, watu wakaitikia. Mwishowe Mwalimu akasema, "Jumatano." Ukumbi mzima ulifungua mdomo. Hakuna sauti iliyotoka. Hata ya mtoto. Akarudia. Kimya.

"Maze, nini hiyo?" mwanafunzi mmoja mbele yangu akanong'ona, ameshika koo.

Nikasimama. Mimi, ambaye hata kuagiza chai hotelini hunitoa jasho!

"Jumatano hayuko," nikasema. Sauti ilitetemeka kama ya mbuzi, lakini ilitoka. "Anaitwa Syombua. Ameniambia mwenyewe."

"Kijana, keti chini!"

Sikuketi. Nikaita kwa nguvu, "Syombua!"

"Niko!" sauti ya msichana ikaitika kutoka mlangoni, kabla yetu sote. Watu wakageuka. Mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu.

Mwalimu alisema ni wanafunzi wanacheza. Alipoufunua ubao wangu akaona SYOMBUA, akautia stoo siku hiyo hiyo, na tangu hapo hajaitikia salamu yangu. Sawa tu. Kila mwaka ninakwenda bila kualikwa, na wakifika kwa Jumatano ninaita Syombua. Walinzi wamenitoa nje mara mbili. Nitakwenda tena. Yeye hajaitika tena, na nadhani alifika kwa mama yake. Lakini orodha ile ina watu wengi, na ni wangapi kati yao waliopewa na mama zao majina yaliyoandikwa humo?

Kwa hiyo nakuonya. Ukipewa jina la mmoja wa watu kama hao, ulisome au uliandike, uliza kwanza ni nani aliyempa. Usipouliza, atakuja mwenyewe kukuuliza, nawe utakosa la kumjibu, kama nilivyokosa mimi.