Ndama wa Kwanza wa Gaju

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kokote bila kuuliza, kijijini kwetu kwenye milima iliyo juu ya Kagunga, kulikuwa na mwiko mmoja ambao hata walevi waliuheshimu: mtu wa nje hamshiki ndama wa mtamba kabla mgongo wake haujakauka. Mtamba ni ng'ombe anayezaa kwa mara ya kwanza. Bibi alisema ng'ombe huyo hajajua kupenda wala kusamehe, na mtu akimshika mwanawe kwa nia mbaya, atalipwa papo hapo, hata awe nani. Wengine walicheka. Mimi niliamini, na bado sina haraka ya kuacha, ingawa naijua habari hii kuliko wote wanaoisimulia.

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Siku ya kuanua matanga, kaka yake, Baba Mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuyauzia ng'ombe mabucha ya mjini, kule Mwanga, alipanda mlima na fimbo yake akafungua zizi la marehemu. Hakusema naomba wala samahani. Aliwashusha ng'ombe wote ufukweni mwa ziwa, wakapakiwa kwenye boti la mizigo, sisi tukibaki tunatazama na vitambaa vya msiba kichwani. Alimwacha mmoja tu, ndama jike mwekundu aliyekonda hadi mbavu zikaonekana. "Huyu hata fisi atamsusa," alisema. Mama akamwita Gaju kwa wekundu wake, akamlea kwa maganda ya ndizi kama mtoto wa kunyweshwa uji.

Usidhani Gaju alikuwa ng'ombe tu. Kwetu, zizi lenye kwato ndani yake ndilo linalosema mji huu, yaani boma hili, una mwenyewe. Zizi likiota majani, ndugu wa mume wanasema mji umefungwa, mjane arudi kwao. Na Baba Mkubwa alikuwa ameshaanza kulipima shamba letu kwa macho kila alipokuja. Gaju akiondoka, na sisi tunaondoka. Mama alilijua hilo, Bibi alilijua, na mimi mtoto nililala nalo kila siku.

Basi Gaju akanona, akapata mimba kwa dume la jirani, na habari zikateremka mlima mpaka Mwanga. Wafanyabiashara wa ng'ombe wana ujanja wao. Ng'ombe mbishi hawamhangaikii na kamba. Wanasubiri azae, wanambeba ndama mabegani, na mama mtu anafuata mwenyewe, analia njia nzima, mpaka machinjioni. Baba Mkubwa aliwahi kumfunga Gaju kamba, Gaju akaikata. Baba Mkubwa akajipangusa vumbi, akamwambia Mama, "Sawa, shemeji. Atazaa tu."

Alizaa alfajiri, nyuma ya zizi, na mwanzo wake ulikuwa mbaya. Gaju aligeuka, akakiona kile kitu kilicholowa kinatikisa masikio, akakoroma na kukimbilia kwenye kona ya ua. Ndama akajikongoja kumfuata, akasukumwa na pembe. Akajaribu kunyonya, akapigwa teke. Mama alishika kichwa. Ndama asiponyonya dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, hafiki mbali.

"Tumeonewa kijicho," Mama alisema.

"Kijicho gani?" Bibi akamjibu. Bibi alikuwa mama yake Baba na Baba Mkubwa pia, lakini msiba ulipokwisha alichagua kukaa na sisi. "Hajui kimetoka nini tumboni mwake. Hata mimi mtoto wangu wa kwanza nilimtazama nikasema, hiki nini tena? Na mpaka leo sijapata jibu."

Mtoto wake wa kwanza alikuwa Baba Mkubwa. Mama alicheka siku hiyo, na nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

Bibi akanituma chumvi ya Uvinza, ile ya mawe. Tukaisaga, akampaka ndama mgongoni na ubavuni, akatuambia tukae mbali, tusiseme. Gaju akasogea kwa wasiwasi, shingo mbele, miguu ya nyuma tayari kukimbia. Akalamba mara moja. Akatulia. Akalamba tena, kisha hakuacha. Halafu akatoa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, nzito, ya chini kwa chini, mdomo umefumba, na ndama akaijibu. Alipoanza kunyonya, Mama alilia waziwazi. Mimi nilimpenda yule ng'ombe siku ile kuliko watu wengi wa ukoo wetu, na sitanii.

Ndama alikuwa bado na unyevu mgongoni Baba Mkubwa alipotokea. Boti la asubuhi lilimshusha Kagunga, akapanda mlima na kanzu yake ya safari, amenyoa vizuri.

"Mwana wanje," Bibi alimwambia kwa Kiha, yaani mwanangu, akisimama mlangoni mwa ua, "huyu ni mtamba. Ndama hajakauka. Nakuomba kama mama yako, usimguse."

"Mama, hayo mambo ya kizamani. Mimi nimebeba ndama wangapi?"

"Wa mtamba hujabeba."

Akampita. Mama akasimama mbele yake, akasukumwa kando kwa bega. Nilimwona akijishika ukutani. Picha hiyo ninayo mpaka leo, na ndiyo sababu simulizi hii siisimulii kwa upole.

Alimwinua ndama, akamtupia mabegani, akatoka anapiga mluzi. Kosa lake lilikuwa hapo. Alizoea ng'ombe wazee, wale waliokwisha kuzaa na kunyang'anywa, wanaofuata kichwa chini. Gaju hakujua kufuata. Alibaki anazunguka pale alipozalia, ananusa majani yaliyolowa, anamtafuta mwanawe ardhini. Baba Mkubwa alishafika kwenye matuta ya mihogo chini ya nyumba, anageuka kumwita, "Njoo! Njoo!"

Kisha ndama akalia.

Ua tulioujenga kwa miti na miiba, Gaju aliupita kama haupo. Tulisikia Baba Mkubwa akipiga ukelele, halafu tukaona ndama ameanguka upande huu na mtu upande ule. Nilikimbia nikamkumbatia ndama. Nilipoinua uso, Baba Mkubwa alikuwa chali kati ya matuta mawili, Gaju amesimama juu yake na pembe kifuani. Hakuwa akimchoma. Baba Mkubwa alipotulia, Gaju naye alitulia. Alipojisogeza, alimbana. Mguu mmoja wa Baba Mkubwa ulikuwa umekaa vibaya.

Majirani walifika na majembe yao, wakasimama mbali. Hakuna aliyethubutu. Lakini kila mchungaji pale alijua dawa: ndama asogezwe, alie kidogo, mama mtu atamwacha yule na kumfuata mwanawe. Na ndama nilikuwa naye mimi, moyo wake unapiga kwenye tumbo langu. Nikapiga hatua.

"Ngoja, Editha," Mama akasema.

Nikasimama.

"Shemeji, niokoe!"

"Ng'ombe huyu wa nani?" Mama aliuliza. Hakupaza sauti.

"Wa marehemu..."

"Marehemu hachungi. Wa nani?"

Alijaribu kujiburuta, pembe ikamrudisha. "Wako! Wako, shemeji!"

"Na shamba?"

"Lako! Mama, mwambie! Mama!"

Bibi alikuwa ameketi kwenye tuta, amejifunga kitenge chake vizuri. "Mimi nilikwisha sema, mwanangu. Mjibu shemeji yako."

"Na mji huu?"

"Wako! Wote mmesikia, ni wake!"

Majirani wakaitikia, wengine wanauma midomo wasicheke. Mama aliwatazama mmoja mmoja mpaka akahakikisha wote wamesikia. Ndipo akaniambia, "Mlete." Nikamsogeza ndama, akalia, Gaju akamwacha mtu yule na kuja kumnusa mwanawe mikononi mwangu. Hakuniumiza hata kidogo.

Baba Mkubwa walimteremsha kwa machela mpaka ufukweni. Nyonga haikuunga sawa. Tangu hapo, kijiji kizima kinasema mwiko wa Bibi ulitimia, mtamba alilipa kisasi. Zizi letu halikuguswa tena na mtu, na leo Mama ana ng'ombe ambao akiwaita wanajaza njia. Siku hizi naishi Katubuka, huko huko mjini, nimefuga mwenyewe, na najua Gaju hakuwa na kisasi na mtu. Alimtaka mwanawe tu. Kisasi kilikuwa chetu sisi wanawake watatu, na mwiko ulitufaa kukifunika, kwa sababu mjane mwenye hasira hasikilizwi, lakini mwiko unaogopwa.

Mwaka jana Mama alinituma Mwanga na maziwa, nimpelekee Baba Mkubwa. "Mpe anywe," alisema. "Ajue ng'ombe wangu bado wanakamuliwa." Nilimkuta amekaa barazani, mkongojo kando.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba." Akanywa kidogo. "Watu wanasema mtamba. Mimi nilikuwa chini, nikakuona. Ndama ulikuwa naye."

"Nilikuwa naye."

"Mama yako alisema ungoje. Sawa, mkubwa wako. Lakini wewe, moyoni mwako, ulitaka kumleta?"

Ningeweza kumdanganya. Ni mzee sasa, na ni damu ya baba yangu.

"Hapana," nikamwambia. "Hatua niliyopiga ilikuwa ya mguu, si ya moyo."

Akatikisa kichwa taratibu, akamaliza maziwa yake. Nilichukua kikombe, nikaenda kukiosha uani.