Fundi Saa Afungua Laptopu ya Mkewe

Fundi saa alikuwa na kanuni moja aliyoachiwa na mwalimu wake: kisichoingia kwa upole, usikilazimishe. Miaka thelathini hakuvunja saa ya mtu, na kusema kweli alijivunia hilo kupita kiasi.

Siku moja kanuni hiyo ilimponza. Saa kumi jioni mkewe, mkunga wa zahanati, alikuwa aitetee tasnifu yake kwa video mbele ya maprofesa watatu. Miaka minne alisoma kati ya zamu na zamu. Laptopu yao kuukuu ilikuwa ikiganda kila video ikifunguka, basi bwana akanunua memori kubwa zaidi ili amfurahishe, wala hakumwambia. Saa nane akatoa betri, akafungua kifuniko cha chini, akachomoa kadi ya memori ya zamani, akachomeka mpya kwa ncha za vidole. Akarudisha betri, akawasha. Pi, pi, pi. Skrini nyeusi tii.

Akarudia. Akajaribu hata kadi ya zamani. Pi, pi, pi. Jasho likamtoka; akatoa betri tena, akarudisha kadi mpya.

Saa kumi kasorobo mkewe akaingia na sare ya kazini, akaziona skrubu mezani.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Nimeongeza memori, mke wangu. Haiwaki."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mume. Aliinama, akachungulia.

"Mbona upande huu wa kadi umebaki juu?"

"Inagoma. Nikisukuma itavunjika."

"Nani kakwambia?"

Fundi akamkumbuka mwalimu wake. Aliyemwambia alikuwa akizungumzia saa.

"Betri umetoa?"

"Nimetoa."

"Haya, sogea."

Mkunga akaweka vidole gumba viwili, akakandamiza kwelikweli. Fundi akafumba macho. Ta! Kadi ikakaa. Fundi akarudisha betri, na skrini ikawaka zikibaki dakika mbili.

"Hakuna muda wa kifuniko. Naiweka laptopu ukingoni; ingia chini ya meza uishike kadi isicheze. Na usikohoe!"

Akaingia. Huko chini, shingo imepinda, akimsikia mkewe akiwaeleza maprofesa, ndiko alikojua tasnifu ile inahusu nini. Miaka minne hakuwahi kuuliza. Ilihusu waume wasiotokea wake zao wanapojifungua. Mfano wa kwanza ulikuwa wa bwana mmoja aliyebaki dukani na saa za watu.

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini mikono hakuitikisa.