Redio ya Mama, Chombo cha Nahodha

Mke wangu huniambia kwamba nikitaka kusimulia jambo hili nianze na ukweli mmoja, la sivyo ninyamaze. Basi nianze nao: redio haikuwa imekufa. Kiwaya kimoja tu kilikuwa kimeliwa na kutu, pale betri zinapokaa. Fundi yeyote wa Migori angekibadilisha huku anakunywa chai. Mimi mwenyewe ningekibadilisha. Sikukibadilisha, na nilijua vizuri kwa nini.

Mimi ni mtu mzima, baba wa watoto watatu. Kutwa nzima nasimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, nauza misumari na mabati, nabishana na mafundi wanaotaka kupunguziwa hata bei ya gundi. Nikifika nyumbani natengeneza silaha za miale, helmeti za wanaanga na mitambo ya vyombo vinavyoruka kati ya nyota. Ndiyo, umesoma sawasawa. Ni nakala za vitu nilivyoviona kwenye filamu. Siuzi, na si vya watoto kuchezea, na wakivigusa nakuwa mkali kuliko ninavyopaswa kuwa. Majirani walishanizoea. Kuna mmoja huniuliza kila tukikutana kama nimeshapata viza ya kwenda mwezini.

Ugonjwa huu niliupata Homa Bay nikiwa shule ya sekondari, kwenye kibanda cha video karibu na soko. Tulikaa kwenye mabenchi, na mbele alisimama jamaa aliyetufasiria kila kitu kwa Dholuo, akiongeza ya kwake hadi wanaanga wakawa wanagombana kuhusu mahari. Siku hiyo ilikuwa filamu ya zamani ya nahodha aliyepotea angani. Alikuwa na chombo kidogo chenye kioo, na ndani ya kioo sindano nyekundu. Alikuwa akizungusha kitufe polepole, sikio karibu na kile chombo, akitafuta sauti za watu wa kwao. Umeme ulipotea kabla ya mwisho. Mpaka leo sijui kama aliwapata, lakini kile chombo kilinikaa kichwani.

Nilikuwa nimekijenga karibu chote. Mwili wake ulitoka kwenye paipu ya plastiki niliyoipasha juu ya jiko la makaa hadi ikalainika, nikaikandamiza kati ya mbao mbili. Pembe zake zilikuwa soli za patipati kuukuu, nimezikata kwa kisu cha moto. Nilipiga msasa, nikapuliza rangi, nikapiga msasa tena, halafu nikasugua unga wa penseli kwenye kingo ili ionekane ni chuma kilichoshikwa na mikono ya watu miaka mingi. Kazi hiyo ya kuchakaza ndiyo naipenda zaidi. Kilichokosekana ni kile kioo na sindano. Nilijaribu kukata kioo cha fremu ya picha, kikatoka kama kazi ya mtoto wa chekechea. Niliuliza kwa wauza vyuma chakavu Migori, nikauliza hadi Ndhiwa. Hakuna.

Sasa, mama yangu anaishi Kosele peke yake tangu baba atutoke, na baba alimwachia redio kubwa ya mbao yenye kioo kipana, mistari na namba, na sindano nyekundu.

Mama hakuwa na haja na muziki wala siasa. Alikuwa anasikiliza matangazo ya vifo. Kwa asiyekaa na sisi nieleze: kila jioni baada ya habari, stesheni za Dholuo husoma majina ya waliofariki, walizaliwa wapi, waliolewa wapi, wameacha nani, watazikwa lini. Wakati huo kwa mama hukohoi. Akisikia jina la mtu wake, hapo hapo anaanza kupanga nani atakamua ng'ombe na nani atamwamsha awahi gari la kwanza. Kukosa mazishi ya mtu wako, kwetu, si jambo la kuomba radhi kwa simu ukamaliza.

Redio ilipoanza kukatakata, aliifunga kwa leso, akanikabidhi Jumapili moja baada ya chakula. Aliniambia niirudishe upesi.

Niliifungua Jumamosi mchana, juu ya meza yangu ya kazi. Nikaona kile kiwaya chenye kutu. Halafu nikaona kioo kwa nyuma, jinsi kilivyoshikwa na skrubu nne tu, na sindano ikiteleza kwenye uzi wake. Jameni, nilikaa pale nikiitazama. Nikaanza kujihubiria. Mama ana simu. Majirani wana redio. Mwisho wa mwezi nitamnunulia mpya, ya sola, yenye taa. Baba mwenyewe angenielewa, ingawa baba hakuwahi kunielewa hata siku moja. Nikachukua bisibisi.

Na kile chombo kilitoka vizuri, wacha niseme. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Niliweka taa ndogo nyuma ya kioo, na kitufe ukikizungusha sindano inakwenda. Nilikipiga picha nikaituma kwenye kundi letu la simu, la watu wenye wazimu kama wangu, wakanisifu hadi nikaona haya. Mke wangu alipita na beseni la nguo, akasimama.

"Hiyo si ni redio ya mama?"

Nikamwambia aniache. Akasema nimwambie mama kabla mama hajaniuliza, kwa sababu baada ya hapo kila neno litakuwa uongo. Mimi nina hasira za karibu. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, na alikuwa amesema kweli.

Mama alikuwa ananipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili ya kwanza nilimwambia fundi ana kazi nyingi. Ya pili, anasubiri spea kutoka Kisumu. Ya tatu sikuwa na jambo tena, nikamwambia fundi amefiwa na baba yake. Hebu fikiria. Nilimuua mzee ambaye hakuwepo, baba wa fundi ambaye hakuwepo, na mama akaniambia nimfikishie pole. Jumapili iliyofuata aliniarifu kwamba kanisani walimwombea. Mwisho wa mwezi ulifika, ikaja karo, nikasema basi mwezi ujao.

Kisha akanipigia Jumatano, saa za kazi. Mama hapigi Jumatano. Nilitoka nje ya duka nikiwa bado nimeshika tepu ya kupimia.

Alikuwa ametoka sokoni Kosele, na mwanamke mmoja muuza njugu kutoka Ndhiwa alikuwa amemwambia, katika maongezi tu, kwamba rafiki yake wa usichana alizikwa wiki mbili zilizopita. Mama hakulia kwenye simu. Alisema, "Nimepitwa," akarudia, halafu akaniuliza kama ninaweza kumpeleka.

Huyo rafiki nilimjua tangu utotoni, mwanamke mrefu aliyekuwa akicheka kwa mabega. Walizaliwa kijiji kimoja, wakachota maji pamoja, wakaolewa msimu mmoja, mama akaja Kosele na mwenzake akaenda Ndhiwa. Walikuwa hawapigiani simu sana. Namba zilibadilika, simu zikapotea, na kila mmoja alijua mwenzake yupo. Lakini walikuwa na ahadi, na ahadi hiyo tuliisikia mara nyingi nyumbani: atakayebaki ndiye atakayesimama kwenye mazishi ya mwenzake na kusema alikuwa msichana wa namna gani. Walikuwa wakisema kwamba watoto humjua mtu akiwa mama, na wajukuu humjua akiwa mzee, na bila mmoja wao kusimama atazikwa mtu nusu.

Tulikwenda Ndhiwa kesho yake. Mama alivaa gauni lake la misiba na kitambaa cha kichwani, na njiani hakuniuliza habari za redio. Ningependa angeniuliza.

Kwetu anayefika kwenye msiba huingia akilia kwa sauti, na wa nyumbani humwitikia. Hata ukichelewa. Tulipofika kwenye lango la boma, mama aliniachia mkoba, akainua mikono, akaanza kilio. Ua ulikuwa umefagiliwa, viti vya kukodi vilikuwa vimesharudishwa, kuku walikuwa wanatembea. Watu walikuwa wamemaliza kulia. Alilia peke yake kutoka langoni hadi kaburini, mwanamke wa miaka sabini na kitu, na mimi nikimfuata nyuma na mkoba. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwana wa kwanza wa marehemu alitoka na mke wake, wakamshika, wakamkalisha chini ya paa la nyumba, wakampa maji. Ni mwanamume wa umri wangu, mpole. Alisubiri mama atulie ndipo akasema, bila lawama, kwamba walitangaza kifo kwenye redio na kumwita mama aje. Hawakuwa na namba yake. Marehemu mwenyewe, alipokuwa mgonjwa, alikuwa amewaambia watumie jina la utani la mama la usichana, kwa maana ndilo alilomjua nalo.

"Tulikuita jioni tatu, Mama."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna jirani aliyemwambia. Kosele nzima mama anajulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza, yaani mimi. Lile jina la usichana walilijua watu wawili, na mmoja ndiye aliyekuwa amekufa. Kosele yote ililisikia ikalipita. Mtu pekee duniani ambaye lingemwamsha alikuwa amekaa jioni hizo tatu kwenye nyumba iliyo kimya.

Mama alijibu kwamba redio yake ilikuwa kwa fundi. Akaongeza kuwa fundi naye alikuwa amefiwa, maskini, asilaumiwe. Mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, magoti yetu yanakaribiana, na nikanywa chai.

Tuliaga. Tulitembea hadi sokoni Ndhiwa kungoja gari, tukakaa kwenye benchi la duka la soda. Nilimwambia hapo. Nilimwambia yote, kiwaya, skrubu nne, mzee niliyemuua, yote, haraka haraka, nikitazama viatu vyangu. Nilitegemea anipige. Kweli ningeshukuru.

Alikunywa soda yake hadi ikaisha. Kisha akauliza hicho nilichokitengeneza kinafanya kazi gani.

"Hakifanyi kitu, Mama. Ni cha kutazamwa."

"Hakitoi hata sauti?"

"Hapana."

Alifikiri. Nilidhani anafikiria redio, au baba. Kumbe alikuwa anafikiria ile nyumba tuliyotoka. Alisema, polepole, "Umenifanya niseme uongo kwenye kaburi la mtu." Akasimama, akachukua mkoba wake mwenyewe, akaanza kurudi tulikotoka. Jua lilikuwa kali. Nilimfuata, na hakunisubiri.

Safari hii hakulia langoni. Mwenye nyumba alitushangaa, akadhani tumesahau kitu. Mama akasema mtoto wake ana neno, akaniacha.

Nikasema. Ni aibu kubwa kumweleza mtu aliyefiwa, mbele ya kaburi la mama yake lenye saruji mbichi, kwamba ulivunja redio ili upate kioo cha kitu cha kuchezea. Nilikosa hata neno la kuiita kazi yangu. Kwa lugha yoyote niliyoijaribu, Dholuo, Kiswahili, ilitoka ni mchezo tu. Mke wake aliweka mkono mdomoni. Mwenye nyumba alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema lile ambalo mara ya kwanza alikuwa amemficha mama kwa heshima. Kwenye ratiba kulikuwa na nafasi ya rafiki wa marehemu. Aliyeongoza ratiba aliita lile jina mara tatu kwa kipaza sauti. Walidhani gari limemchelewesha, wakaacha jeneza juani saa nzima, watu wakaanza kunung'unika, mchungaji akawa na mazishi mengine. Mwishowe wakaruka ile nafasi.

"Hakuna aliyesema lolote la usichana wake," akasema. "Sisi hatukuwa na la kusema."

Nilisema pole, neno lile lile nililotumwa nimfikishie fundi asiyekuwepo.

Mama alikuwa amesimama upande wa kichwa cha kaburi. Akafunga upya kitambaa chake. Akanyoosha gauni kwa viganja, akasogea hatua moja mbele kama mtu aliyeitwa kwa jina, na akaanza hotuba yake jinsi inavyotakiwa ianzwe, kwa itifaki. Alimsalimu mchungaji, kana kwamba yupo. Akamsalimu chifu, na wazee wa ukoo, na akina mama wa kanisa, na wageni waliotoka mbali. Baada ya kila salamu alinyamaza kidogo, kuwapa nafasi ya kujibu, na kila mara niliitikia mimi.