Mtaro wa Msaragambo

Katapila la kuchimba mtaro wa waya liliharibika Jumatatu, hatua chache tu kutoka kwenye transfoma, na mwenyewe akaliburuta akaondoka nalo. Mimi nilikuwa fundi mkuu wa kituo cha kuchajia magari ya umeme hapa Same, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi. Mwenye mradi akapiga simu: waya usipolazwa ardhini kufikia Ijumaa, chaja inahamishiwa Korogwe. Nimejenga vituo vya miji ya watu. Hiki kilikuwa cha kwetu.

Nikampigia baba kule kijijini Mamba, milimani, nipate tu wa kumlalamikia.

"Basi tupige msaragambo," akasema.

Nikacheka kwa hasira. Msaragambo ni wa barabara ya kijiji au darasa la shule, kila nyumba ikitoa mtu na jembe lake. Umeme ni mambo mengine.

Jumatano asubuhi lori la tangawizi likashusha kijiji kizima, baba akiwa mbele, na sururu na mitaimbo. Niliwaamkia, nikawafungia kamba ya kufuata, nikaenda kutafuta mabomba ya kupitishia waya. Niliporudi mchana mtaro ulikuwa umekwisha, nami nusura nipasuke. Walikuwa wameuchimba kwa mteremko, wakautolea mdomo korongoni, utadhani wanamwagilia tangawizi!

"Baba, umeme hauhitaji mteremko!"

"Na mvua je?" akauliza, huku anakwangua udongo kwenye jembe.

Nilinuna, hata chai yao sikunywa.

Alhamisi mvua ikashuka kutoka milimani, ikajaza kila shimo la mji. Mtaro wetu ukayamwaga maji yote korongoni. Ijumaa tukalaza waya pakavu, mkaguzi akapitisha kazi. Niliona haya mimi na vyeti vyangu.

Siku ya kufungua, gari la kwanza likaingia kutoka Dar, betri hoi, linakwenda Arusha. Dereva akachomeka. Taa ikawa ya kijani, nami machozi yakanitoka mbele za watu wote.

Kwetu milimani, maji ya mfereji yakifika shamba la mwisho, aliye huko chini hupaza sauti, "Yamefika!", ili wa juu wasikie. Baba alikuwa amesimama kule juu, penye transfoma, kofia mkononi.

"Umefika?" akaniita.

Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Umefikaaa!"