Bwana Kofia amerudi, na mama akamsoma kuanzia nyuma

Wakuu, salamu zenu. Haya sikuhadithiwa, mguu wangu mbovu ni shahidi. Mwandiko mnivumilie, shule niliishia darasa la tano.

Miaka ya arobaini, wakati wa vita, babu mzaa mama alikuwa dobi wa askari kule Changamwe. Siku moja mfukoni mwa suruali akakuta kitabu cha katuni, na askari mwenyewe keshasafirishwa. Akampelekea mama, wakati huo mtoto mdogo, akawa anamsomea kwa picha.

Shujaa wake si hawa mnaowajua. Haruki, hatemi moto. Anavaa kofia nyekundu na kuzuia kuta zisiangukie watu. Kizungu babu hajui, akamwita Bwana Kofia.

Kitabu chenyewe sisi hatukukiona. Mjomba Salimu alikiwashia jiko. Namtaja, na alifanya kusudi.

Lakini mama alikuwa nacho kichwani, akitusimulia mimi na ndugu yangu Juma. Kofia iko juu ya mawe. Mtu anachomoka chini yake, anaokoa watu, mwisho anafika kwao, mamake yuko mlangoni.

Juma alimpenda huyo mtu! Hata machimboni Mwakirunge, tulikochonga mawe, alikuwa akivaa kofia nyekundu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, ukuta wa mawe una ufa. Tukamwonyesha nyapara Kazungu. Akacheka.

"Mwaogopa mawe nyie? Asotaka kazi na ende kwao."

Tukaingia. Mimi nilitolewa na mguu huu. Juma alitolewa maiti. Kazungu hata maziko hakuja. Kama umo humu, soma.

Tangu hapo mama hakuisimulia tena hadithi ile. Hata jina la Juma hakulitaja.

Sasa juzi niko Mkomani, kwenye meza ya muuza vitabu, naona kofia nyekundu juu ya kava. Toleo jipya! Wamemfufua, na ile stori ya zamani wameirudia ndani.

Nikaketi papo hapo, nikafungua. Picha ya kwanza, mama mlangoni, mwanawe anaaga. Ya mwisho, ukuta umeanguka, kofia iko juu ya mawe.

Basi. Imeisha.

Nikasema Wazungu wameiharibu. Nilikinunua hata hivyo, ila nilipofika nyumbani Utange nikakificha chini ya godoro. Mama nitamwonyeshaje kitu kile?

Akakiona akitandika. Akaniita.

"Naam, mama."

"Wanificha Bwana Kofia wangu?"

"Mama, mwisho wake mbaya."

"Naujua. Babangu alisoma chuo cha Kurani tu. Kitabu chochote yeye alianzia mkono wa kulia, kama msahafu. Nilipoingia shule ndipo nikajua kakosea."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje?"

Akakigeuza, akaanzia nyuma. Kidole kikatua juu ya mawe, akaipapasa ile kofia. Nikanyoosha mkono nikichukue, akanipiga kofi mkononi. Akaendelea, picha kwa picha, polepole, mpaka mlangoni.

"Haya," akasema. "Juma kafika."

Wakuu, nililia na mvi zangu hizi.

Kazungu sijamsamehe, msinihubirie. Ila nimejua kuna makosa ya wazee si ya kusahihisha. Kila baada ya alasiri mama huniita, naketi kando yake, tunaanzia kulia.

Nanyi wazee wenu waliwasomea nini, na walikosea wapi? Nawasoma hapa chini, mmoja mmoja.