Barua za Chumba Chetu cha Kasapa

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya mkate: kikundi chenu cha barua pepe hakijaandikwa kitu kwa miaka mingi, mwisho wa mwezi kitafutwa. Anayetaka barua za zamani azipakue, au aandike neno moja tu, kikundi kitabaki. Neno moja! Nilirudi nyumbani bila mkate.

Kikundi kile kilikuwa cha watu wanne tuliolala chumba kimoja chuoni Kasapa, wakati wa masomo. Tulipotawanyika tukaandikiana humo kama wendawazimu. Aliyekianzisha, mchekeshaji wetu, alituandikia kuliko wote: ndoa yake, mapishi yake mabaya, mwisho hata ugonjwa. Halafu akafa, na tangu siku ile hakuna aliyeandika. Maneno yake yote yamo mule, hayako pengine popote. Mimi sina hata picha yake moja ya maana.

Nikapandwa na hasira. Watu gani hawa, mwenzao anakufa wananyamaza kama hawakumjua? Nikampigia mmoja wao, yule wa Kasomeno, anayeuza samaki wakavu, nimgombeze.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "tulikuwa tunakungojea weye. Weye njo mukubwa wa chumba. Kilio ikiisha, mukubwa njo anasema wa kwanza. Ile sheria uliiweka weye mwenyewe, hapana?"

Mama yangu! Kweli niliiweka. Mmoja wetu alikuwa amefiwa na mama yake, wengine wakaanza kupiga domo chumbani mapema mno, nikawafokea. Na kilio cha mchekeshaji wetu mimi sikwenda. Nilisema nina kazi. Kazi gani? Niliogopa kumwona amelala vile. Aibu ikanifunga mdomo, na wao kwa heshima wakafunga yao. Heshima ile ndiyo ilikuwa inataka kumfuta.

Siku ile ile nikaandika: "Ndugu zangu, mnisamehe. Kilio kimeisha, semeni." Kisha nikapakua barua zote kwenye kompyuta. Ujumbe wangu kwa mwenzetu mwingine, yule wa Lukafu, ukarudi, anwani haipo tena. Wa Kasomeno alikuwa amesahau neno lake la siri zamani.

"Basi unisomee," akaniambia kwenye simu.

Nikakaa uani na kompyuta magotini, nikasoma. Kwenye ile ya bukari, ugali wake ulioungua, wa Kasomeno alicheka mpaka akakohoa. Nikaendelea: harusi, mtoto wa kwanza, hospitali. Nilisoma polepole, kama mwenyewe alivyokuwa akisema, na nililia bila kujificha. Nikafika barua ya mwisho, ile ambamo aliniuliza, "Mukubwa, utakuya siku gani?" Nikangoja mwenzangu aseme kitu.

"Allô? Allô?"

Simu ilikuwa imekatika. Sikujua tangu barua gani nilikuwa nasoma peke yangu.