Ukurasa wa Saba

Alphonce alikuwa na namna yake ya kupumzika, na ndugu zake waliiona kichaa kidogo. Kazi yake ni kutafsiri vitabu vya Kiingereza kuwa Kiswahili, huko Dodoma, mwaka mzima macho kwenye karatasi. Akija likizo Kigoma kwa dada yake Esther, pale Kasingirima, hasomi kitu. Hasomi gazeti wala bango la duka, hata chupa ya dawa ya kikohozi humpa dada amsomee. Anachofanya ni kwenda ufukweni wanakoanika dagaa, akaketi, akasikiliza watu wakiongea Kiswahili chao chenye Kiha ndani, salamu za "mwakeye" huku na huku, utani, bei za dagaa. Masikio yanakula, alikuwa akisema, macho yanalala.

Ndiyo maana kile kijitabu cha kijani kilikaa siku tatu juu ya kabati la Esther, kimevalishwa nailoni kama cheti cha ubatizo, na yeye hakukigusa. Aliona rangi tu akageuza uso. Kuna ukaidi mwingine jamani unagharimu.

Siku ya nne walikuwa wakila mchana, ugali wa muhogo, na mkono wa gauni la Esther ukapanda alipoinuka kuchukua maji. Ngozi kuanzia kiwiko hadi kiganja ilikuwa imekunjamana, nyekundu mahali, nyeupe mahali.

"Dada, umefanya nini mkono?"

"Sabuni," Esther akasema, akaushusha mkono wa gauni. "Mwaka jana. Nilijitia kupika sabuni ya mawese nikauze soko la Mwanga. Ndoo ikachemka ikanirukia. Uzembe wangu tu, nikaacha."

"Ikachemkaje?"

"Nilimimina maji kwenye kostiki kama kitabu kinavyosema. Nadhani nilimimina kwa pupa."

Tonge likabaki mkononi mwa Alphonce. Kostiki, ile soda kali ya sabuni, ndiyo inayotiwa kwenye maji, tena kidogo kidogo. Ukigeuza ukaimwagia maji, inachemka ghafla na kurusha majimaji yanayounguza. Alilijua hilo kwa sababu aliwahi kutafsiri kitabu cha sabuni. Kilikuwa cha mradi fulani, kurasa ishirini, na walikitaka siku hiyohiyo. Alikifanya nusu akili kwenye kitabu, nusu kwenye simu ya mkubwa wake aliyekuwa akimhimiza, na hakukipitia mara ya pili. Jalada lilikuwa la kijani.

Akageukia kabati. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Nimewapa akina Mwanvua wa Mwandiga jana," Esther akasema. "Mimi sikihitaji tena. Wana kikundi, wanaanza leo wakishaswali adhuhuri."

Ilikuwa saa saba na nusu. Esther akampigia Mwanvua, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile.

Alphonce hakunawa hata mkono. Alikamata bodaboda ya kwanza, akamwambia dereva Mwandiga na asisimame popote. Njia nzima alimhimiza dereva aongeze mwendo. Chini ya hofu kulikuwa na aibu, maana moyoni alikuwa akiomba kosa liwe la mchapaji.

Uani kwa Mwanvua walikuwepo wanawake sita na ndoo ya plastiki, ndani yake magamba meupe ya kostiki. Spesiosa, mama kijana wa Kirundi mwenye mtoto mgongoni, alikuwa ameinama na jagi la maji. Mwanvua mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa anasoma kwa sauti.

"Msimimine," Alphonce akasema, pumzi juu. "Weka jagi chini, mama, tafadhali."

Spesiosa hakuliweka. Alimtazama Mwanvua.

"Kwetu mtu hubisha hodi," Mwanvua akasema.

"Shikamoo mama, nisamehe. Mimi mdogo wake Esther wa Kasingirima. Hicho kitabu kimekosea. Kostiki ndiyo iingie kwenye maji. Mkiimwagia maji itamrukia huyu na mtoto wake."

"Marahaba." Mwanvua akasogeza miwani. "Ukurasa wa saba. Weka soda kwenye ndoo, kisha mimina maji juu yake. Kimechapwa hiki, na muhuri kina. Wewe umesomea sabuni?"

"Sijasomea."

"Umewahi kupika?"

"Hapana."

"Basi tumwamini nani, wewe au wasomi walioandika kitabu?"

Wenzake wakacheka. Spesiosa akainama tena, na mdomo wa jagi ukafika ukingoni mwa ndoo.

"Msomi mwenyewe ni mimi," Alphonce akasema. "Hayo maneno niliyaandika mimi, kwa haraka, nikayageuza. Dada yangu aliyafuata. Ameungua mkono mzima."

Spesiosa akalishusha jagi kwa mikono miwili, akarudi nyuma, akampapasa mtoto mgongoni. Alimwangalia Alphonce kama mtu ambaye hajaamua ashukuru au atukane.

Mwanvua akamnyooshea kitabu na kalamu. "Andika lililo sawa. Na jina lako chini."

Akaandika, akatia na jina.

"Viko vingapi hivi?"

"Elfu moja."

"Haya," Mwanvua akasema. "Basi una kazi."

Wakatia maji kwenye ndoo nyingine, wakaongeza kostiki kidogo kidogo, na Alphonce hakuondoka mpaka ya mwisho ilipoyeyuka. Aliporudi Kasingirima alimweleza Esther wima, bila kukaa, bila kuficha neno.

Esther akaukunja mkono wa gauni, akaitazama ile ngozi.

"Mwaka mzima nimejiita mjinga," akasema. "Mawifi zangu wamenicheka kwamba sina mikono ya kazi, nami nikawakubalia."

"Nisamehe, dada."

Esther aliingia chumbani akatoka na ile ndoo yake ya sabuni, nyekundu, iliyojaa nguo kuukuu, akazimwaga sakafuni, akaiweka ndoo mbele ya miguu ya Alphonce.

"Leo utaomba majina kwa hao wa mradi, uanze kuwapigia simu wenye vitabu, mmoja mmoja," akasema. "Kesho mimi napika sabuni. Wewe utanisomea, na utasimama hapa karibu na ndoo, mahali niliposimama mimi."